Bwana Mdogo Ananunua Sigara

Redio ilipotangaza kwamba umri wa kununua sigara umepandishwa kutoka miaka kumi na minane hadi ishirini na mmoja, wavutaji walinuna. Bwana Mdogo yeye alinyoa ndevu. Tapeli huyu alikuwa anagonga arobaini, lakini aliamini uso wake umegoma kuzeeka, na hakuna aliyempenda kiasi cha kumwambia ukweli. Sisi wenye vioo bafuni tunamwelewa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Yeye angenunua pakiti kama kijana wa miaka kumi na tisa. Kisha mwenzake, Kipara, angeingia kama baba mzazi mwenye hasira, atishie kwenda polisi, halafu akubali kutulizwa na chochote. Kipara alikuwa mdogo kuliko "mwanawe", ila hilo walikuwa hawalizungumzi.

"Leo usikosee," Kipara alimwambia nje ya duka.

"Nikosee vipi? Mke wangu ameshasema, nikirudi mikono mitupu, kesho nabeba saruji kwa kaka yake. Mimi, na mgongo laini hivi?"

Akaingia. Muuzaji, dada mmoja aliyekuwa akipanga sabuni, alimpa pakiti bila hata kumuuliza kitambulisho. Bwana Mdogo akachekelea moyoni. Akaifungua palepale, akawasha moja, na kwa kuwa havuti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kipara akaingia kwa kishindo. "Wewe dada, unamuuzia mwanangu sigara? Mtoto wa miaka kumi na tisa? Sheria hujaisikia?"

Wateja wakageuka. Dada akaangaza macho duka zima.

"Mtoto yupi?"

"Si huyu hapa."

Dada akamtazama Bwana Mdogo vizuri, akashika mdomo kwa aibu. "Jamani, nisamehe, nilikuuzia hata sikukuamkia. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

Lilimtoka lenyewe. Ulimi ulikuwa umeizoea kazi hiyo siku nyingi, mwenyewe hana habari.

Mteja mmoja alicheka hadi akashikilia kaunta. "Na wewe baba mzazi," akamwambia Kipara, "mbona humwamkii mzee wa watu?"

Kipara akakumbuka kwamba ana mgonjwa hospitali, akatoka.

"Umenitega vizuri, dada," Bwana Mdogo akasema.

"Nikutege kwa lipi? Nimekuamkia tu, ndivyo nilivyolelewa."

Alisema kwa upole, bila hila yoyote. Hapo ndipo palipouma.

Bwana Mdogo akaisogeza pakiti kwenye kaunta. "Basi nirudishie hela. Ndiyo niliyobaki nayo."

"Umeshaifungua, mzee wangu. Na umri unakuruhusu." Akamsogezea kiti. "Kaa kwanza, kifua hicho kitulie."

Bwana Mdogo alitaka kukataa, kwa heshima ya taaluma yake. Akakaa. Tusifichane, kiti kilikuwa kitamu, na magoti yalishukuru. Akaanza kutafuta maneno ya kumwambia shemeji, ili kesho amwanzishe angalau na mifuko ya saruji ya nusu.