Kuku wa Kipaimara

Jumatatu, 24 Novemba
Kuku wangu watatu wameinamisha vichwa tengani. Wanakoroma, vilemba vimepiga weusi. Afisa mifugo alipita hapa sokoni Kaloleni wiki iliyopita, akasema mafua ya ndege husafiri na matenga yetu. Ukiona dalili usiuze, mpigie. Nimpigie! Anifungie banda wiki ya kipaimara cha binti yangu Rachel? Nimemuuzia Saadi wa banda la jirani tenga zima kwa bei ya kutupa. Kaondoka anachekelea, eti kanipiga bao. Maskini.

Jumanne, 25 Novemba
Kuku wa Saadi wazima wote! Nikadodosa. Kumbe wale wangu kawauza jana ileile kwa Namelok, yule mama anayepandisha kuku kwenye minada ya mlimani. Halafu Saadi akaniuliza kama ninalo tenga jingine. Mtu hana haya.

Alhamisi, 27 Novemba
Mama mkwe kashuka kutoka Meru na zawadi ya kipaimara: kuku wanne, kawapata mnadani kwa bei nzuri. Nikapokea kwa mikono miwili. Shikamoo mama, ahsante mama. Ndipo nikaona miguu. Vitambaa vya kijani! Ni fulana yangu kuukuu, ndiyo ninayochana kufungia kuku. Sasa mkwe unamwambiaje? Mke wangu Elieshi akawaingiza banda moja na wale aliowalea tangu Pasaka kwa ajili ya sherehe. Akasema hawa wageni mbona wamepoa. Nikasema ni uchovu wa safari.

Jumamosi, 29 Novemba
Banda kimya. Karibu wote wamekufa, hata jogoo mkubwa. Elieshi kalia. Kampigia afisa mifugo mwenyewe. Akaja, akauliza kuku wapya walitoka wapi. Wote wakamtazama mama mkwe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda mkono wake una mkosi. Nilijisikia vibaya sana. Nikatazama migomba. Jioni tumewafukia.

Jumapili, 30 Novemba
Rachel kapendeza na gauni lake jeupe. Wageni wamekula loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na maharage, wakashukuru kiungwana. Mama mkwe hakugusa chakula. Imeniuma, kweli.
Lakini funzo nimelipata. Kosa lilikuwa vile vitambaa. Kuna matetea wawili niliwaficha stoo jana kabla afisa hajafika. Wanakoroma kidogo tu. Kesho alfajiri Kaloleni. Nimeshachana shuka jeupe. Saadi hufungia vitambaa vyeupe.