Jino Langu Lililolipia Semina

Kwa Meneja Utumishi,
Kiwanda cha Ufuaji.

Bi Meneja,

Nakuandikia kwa heshima yote iliyobaki baada ya makato. Mimi ni yule kijana wa pasi ya mashuka, mashine ya mwisho karibu na dirisha lisilofunguka. Wenzangu wananiita Shavu, maana tangu gego lianze kuniuma, shavu la kulia limevimba na halijarudi. Sina ugomvi na semina yenu ya "Jua Mfuko Wako, Jua Afya Yako". Ugomvi wangu ni na mfuko na afya, ambavyo nilikuwa nikiishi navyo kwa amani mpaka mliponijulisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ada ya semina mliikata kwenye mshahara kabla haujanifikia, nayo ilikuwa sawasawa na fedha niliyoitenga ya kung'olea jino. Mkufunzi alipotuambia tuandike kitu tunachokiwekea akiba, niliandika "jino". Akanipigia makofi, akasema huyu ndiye kijana mwenye malengo. Hakujua, maskini, kwamba ujira wake wa siku ile ndio jino lenyewe.

2. Alitufundisha kupumua: vuta pumzi ndefu, ishikilie, iachie polepole, kila mawazo yanapokuzidi. Sijui kama umewahi kushuka chumbani kwetu mashine zote zikiwaka. Pumzi ndefu mle ndani ni mvuke na dawa ya madoa. Niliishikilia kama nilivyoagizwa, nikazinduka nimelala juu ya mashuka ya wateja, na msimamizi akanikata nusu siku kwa kulala kazini.

3. Alisema kijana hutajirika kwa kuacha vitu vidogo vidogo, kama kahawa ya kununua. Nilitafuta sana cha kuacha. Kahawa sinywi. Nauli nilishaiacha zamani, natembea. Nikaacha chakula cha mchana, na sitasema uongo, jino lilifurahi. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, ila kibaba changu kilishakwenda semina.

4. Alitutaka tuipe furaha yetu alama, moja mpaka kumi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kawaida, nachoka, nalala. Sasa nina tatu, na naibeba kila ninakokwenda. Shangazi aliyenilea, ambaye bado nakaa kwake, ameniuliza kama hiyo tatu inanunua sukari.

5. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alitupanga safu mbili tujifunze kuwaambia ndugu zetu "hapana". Tukaambiana hapana mpaka dereva wa gari la mashuka akatokwa machozi. Bi Meneja, mlinitoza fedha kwa neno ambalo ninyi wenyewe mnaniambia bure kila nikiomba nyongeza.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe ada yangu nikang'oe jino. Ikishindikana, nirudishiwe ujinga wangu wa zamani, ulikuwa haunigharimu kitu. Na hilo likishindikana pia, basi kampuni ikubali kwamba fedha ya jino iko kwake, hivyo na jino ni lake. Liandikishwe pamoja na mashine nyingine mbovu, liletewe fundi, na maumivu ya usiku yahesabiwe saa za ziada, maana mali ya kampuni haiwezi kuniuma bure nikiwa nyumbani.

Wasalimie wote huko juu kwenye feni. Msalimie mhasibu na mkono wake mwepesi. Mkufunzi mwambie bado napumua, ila kidogo kidogo.

Wako mtiifu, atafunaye upande mmoja,
Shavu, pasi ya mwisho.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii, mhasibu ameniita dirishani akanirudishia ada yote. Anasema ilikuwa makosa, sisi wa pasi hatukutakiwa kukatwa. Nimetoka pale nikielekea moja kwa moja kwa daktari wa meno. Njiani shangazi akapiga simu: binti yake mdogo amezuiwa mlangoni mwa shule kwa ada ya mtihani, na mtihani ni kesho. Nikavuta pumzi ndefu. Lile neno nilikuwa nalo mdomoni kabisa, likakwama upande wa jino. Nimetuma fedha yote, pamoja na ya kutolea. Kwa hiyo, Bi Meneja, futa namba moja mpaka tano. Naomba somo la kusema hapana lirudiwe upesi, nami nikatwe tena. Safari hii nitakaa mbele.