Rudisheni Basi, Meza Bado Iko Wazi

Kwa Mheshimiwa Bibi Nargiza,
Mkuu wa Safari za Siku Moja za Mnara na Mtungi.

Salamu kwako, na kwa watoto wako kama Mungu amekujalia. Kwanza niombe radhi kwa doa hilo la upande wa kushoto. Ni maziwa. Sasa hivi tu mwanangu Tornike, mwenye mwaka mmoja na miezi kumi, ameinua kikombe chake juu kwa mikono miwili, akatuangalia mmoja mmoja, akangoja. Hakuna aliyesema kitu. Akangoja tena. Alipoona kimya kimezidi, akakigeuza kikombe chote mezani, akavimbisha mashavu kama anayepuliza moto wa kuni, akatambaa zake chini ya meza. Huo ndio msiba ulionishikisha kalamu, na mwenye dawa yake ni wewe.

Mimi naitwa Khatuna. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya isogeze mwenyewe. Mume wangu Vano ndiye fundi aliyetengeneza breki za basi lenu jeupe, na ninyi kwa shukrani mkatupa viti vitatu kwenye safari ya ngomeni na kiwanda cha divai, Jumamosi ya wiki tatu zilizopita. Vano alikuwa kazini. Tukaenda mimi, Tornike, na baba mkwe wangu mzee Jumber. Huyu unamjua. Bonde zima hili hakuna harusi inayofanyika bila yeye kukaa kichwani mwa meza kama tamada, yule anayeinua kila glasi kwa maneno ya heri kabla watu hawajanywa.

Sikwenda kutembea, Bibi Nargiza. Ngome yenyewe naiona kila siku nikianika nguo. Nilikwenda kwa sababu moja tu: Tornike hajawahi kusema neno. Si mama, si maji. Daktari anasema nisubiri. Mama mkwe anasema nisubiri. Jirani anasema wa kwake naye alisubiriwa, leo ni wakili na hanyamazi. Lakini baba mkwe akaniambia, "Binti yangu, kila mtoto wa ukoo huu ameinuliwa glasi mbele ya wageni wa kutoka mbali, na kila mmoja alizungumza. Huyu hajapata wageni. Azungumze na sisi ya nini? Sisi anatujua." Na siku ile ndani ya basi walikuwamo watu kumi na wanane, wa Ujerumani, wa Japani, na wawili wa Brazili. Mbali zaidi ya hapo ni wapi? Nilimvalisha Tornike fulana nyeupe.

Sasa malalamiko yangu nayaweka kwa namba, maana Vano anasema ofisini hawasomi kitu kisicho na namba.

1. Kuhusu kipenga. Kijana wenu anayeongoza wageni, Zuriko, ana kipenga cha bati, kama cha refa. Akikipuliza mara moja wageni wanasimama. Mara mbili wanatembea. Sijawahi kuona watu wazima wenye miwani mizuri vile wakifuatana kama bata. Ngomeni tulipewa dakika kumi na mbili. Baba mkwe hata hajamaliza kuwalaani maadui wa lango la kwanza, na malango yako matatu. Halafu Zuriko akawaambia wageni ngome ilizingirwa siku tatu ikaanguka.

"Siku tatu?" baba mkwe akasema. "Kijana, siku tatu mababu zangu walikuwa bado hawajaamua kukasirika. Siku kumi na moja!"

"Mzee wangu, kibao kimeandika tatu."

"Na huyo aliyeandika kibao alikuwa ndani au nje?"

Zuriko akapuliza kipenga. Naomba uandike mahali: mtu mwenye kipenga hashindwi hoja, na hilo si haki.

2. Kuhusu ndoo. Kiwandani tulikalishwa vizuri, meza ndefu, mkate wa jibini, kuku wa mchuzi wa jozi. Hapo sina neno. Lakini kila mtu aliwekewa divai ya kulowesha ulimi tu, na katikati ya meza ikawekwa ndoo. Baba mkwe alidhani kuna mgonjwa. Akaninong'oneza, "Nani kati yao anatapika? Tumwinulie glasi ya afya." Zuriko akaeleza kwamba mtu anaonja, kisha anatema humo, apate kuonja nyingine. Baba mkwe akanyamaza. Nimeolewa nyumba hii miaka mitatu, sikuwahi kumsikia amenyamaza. Baadaye akauliza kwa upole kabisa, "Mtu akiinua glasi ya mama yake, naye anamtema?" Akainuka, akaitoa ndoo nje, akaongea na mzee wa mitungi, yule anayetunza divai iliyofukiwa ardhini, zikaja jagi nne zilizojaa, na yeye akakaa kichwani mwa meza. Nakuhakikishia hakuna mgeni aliyelalamika. Mjerumani mmoja mwenye kofia ya kitani alipiga makofi.

3. Kuhusu glasi yenyewe, na hapa naomba usome ukiwa umekaa. Baba mkwe aliinua ya Mungu, ya amani, ya nchi hii na nchi zao zote kwa majina. Akaja ya wazazi, yule mama wa Japani akalia kabla Zuriko hajatafsiri. Ikafuata ya marehemu. Tukasimama wote, vichwa chini, macho tumefumba, kimya mpaka unasikia divai ikipumua mitungini chini ya ardhi. Sasa wewe umezaliwa hapahapa, sina haja ya kukufundisha: baada ya glasi ya marehemu inafuata ya watoto, papo hapo. Huwezi kuwapeleka watu makaburini ukawaacha wamesimama huko. Unawarudisha kwa watoto. Baba mkwe alishavuta pumzi. Mdomo ulishafunguka. Jina la mwanangu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, niliinua jicho nikaliona.

Priiii! Priiii!

Mara mbili. Glasi chini, kofia kichwani, na kabla sijamtoa Tornike chini ya meza, wote kumi na wanane walikuwa ndani ya basi wamefunga mikanda.

Na Zuriko wenu, badala ya kuomba radhi, akawa anajipapasa shingoni na mifukoni akipiga kelele, "Si mimi! Jamani, si mimi, naapa kwa mama yangu! Kipenga nilikivua nikakiweka kwenye mkoba! Kiko wapi?" Nikamwambia mbele ya watu, "Mwongo mkubwa we, kipenga kinajipuliza?" Akasema sasa wameshakaa, wana ndege ya kuwahi, ratiba ni ratiba. Nilimwomba baba mkwe aseme hata mle ndani ya basi. Akasema basi si meza, mwanangu, linatembea.

4. Kuhusu meza. Nilifikiri tutaimalizia nyumbani. Kumbe sivyo. Baba mkwe anasema meza aliyoifungua na watu wale ataifunga na watu wale, na tamada hana ruhusa ya kufungua meza ya pili wakati ya kwanza bado iko wazi. Kwa hiyo tangu siku ile hajakaa meza yoyote. Harusi ya kijana wa jirani imeahirishwa mara mbili. Bibi harusi amekwishalegeza gauni mara moja, na mama yake akinikuta sokoni anageuza uso kwenye vitunguu.

Hilo ni dogo. Kama meza iko wazi, basi wageni bado wako mezani, au siyo? Na kama wako mezani ni wageni wetu, popote walipo. Mama mkwe wangu Lamzira ni mwanamke mwenye heshima zake, hawezi kuwa na wageni bila kuwaandalia. Kila siku mchana anapanga sahani kumi na nane. Tulikuwa na kuku ishirini na sita. Leo asubuhi nimehesabu jogoo mmoja, naye analala juu ya paa. Chakula tunakila sisi, ndiyo, na Vano kifungo cha suruali hakifiki tena. Yule Mjerumani alimpa baba mkwe glasi yake amshikie kidogo wakati anatafuta kofia. Ile glasi ipo hapa kabatini, nusu, imefunikwa kisahani. Hatuinywi, si yetu. Hatuimwagi, mwenyewe hajamaliza. Nzi wawili wameshafia humo, na baba mkwe anasema hata hao sasa ni wageni.

5. Kuhusu mwanangu. Tornike hanywi tena kitu mpaka mtu aseme maneno. Si wewe umeona doa? Asubuhi babu yake anamwinulia kikombe cha maziwa kwa ajili ya mwanga wa jua, mchana kwa ajili ya ng'ombe aliyeyatoa, na babu akianza haishii karibu. Maziwa yanapoa, yanapata utando, mtoto anayakataa, tunapasha mengine. Halafu hayo mashavu. Kutwa anavimbisha mashavu na kusukuma pumzi, huku ameketi karibu na viatu vya mvua vya babu yake mlangoni, kama mtu mwenye jambo moyoni. Sisemi ameachwa makaburini. Nasema tu kwamba glasi ya mwisho aliyoisikia ni ya marehemu, na ya kwake haijaja, na mimi ni mama.

Kwa hiyo maombi yangu ni machache na mepesi. Naomba uwatafute wageni wote kumi na wanane, uwarudishe kwa basi lilelile, uwakalishe kila mtu kwenye kiti chake. Mama wa Japani mpe kiti cha dirishani, alikipenda. Mtasimama kwa glasi ya marehemu kuanzia pale kwenye kimya, hakuna haja ya kurudia zote. Baba mkwe atavuta pumzi. Atasema jina la Tornike. Ni dakika tano, au arobaini, ukizingatia anayesema. Chakula tutaleta, lakini mje kabla jogoo naye hajaliwa. Zuriko na aje, bila kipenga. Vano ameahidi kuziangalia breki tena kabla ya safari.

Najua utasema wako mbali. Bibi Nargiza, kuwa kwao mbali ndiko kulikonipa matumaini. Mimi siombi mtoto wa kuhutubia. Naomba neno moja. Hata liwe "sitaki".

Nisalimie dereva, ana mkono laini kwenye kona. Nisalimie mzee wa mitungi na mwambie ile jagi tuliyoondoka nayo tutairudisha. Msalimie mama yake Zuriko, yeye hana kosa. Zuriko msalimie pia, kidogo.

Wako katika heshima na kungoja,
Khatuna, mama Tornike,
nyumba yenye lango la buluu, chini ya ngome.

Nyongeza: Bibi Nargiza, usifanye lolote kwanza. Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, nikasikia uani: Priiii! Priiii! Baba mkwe aliyekuwa amesinzia kwenye benchi akainuka, akavaa kofia, akaelekea langoni. Mama mkwe akamfokea, "We mzee, unakwenda wapi?" Akajibu, "Kwenye basi." Nikatoka mbio. Tornike alikuwa ameketi kando ya kiatu cha mvua cha babu yake, mashavu yamevimba, na kipenga cha bati mdomoni. Mvua haijanyesha tangu siku ile ya safari, kiatu hakuna aliyekivaa, kumbe humo ndimo alimokificha.

Sasa nakumbuka ule mkoba wa Zuriko ulikuwa chini ya meza, na chini ya meza alikuwako nani. Kwa hiyo namba 3 naiondoa. Namba 4 na 5 zilikuwa zimeegemea 3, nazo zimeanguka. Namba 1 nabakiza zile siku kumi na moja tu. Neno "mwongo" nimelikata kwa wino lakini bado linasomeka, Zuriko alisome kwa jicho moja. Ningeandika barua nyingine, ila karatasi ndiyo hii ya mwisho.

Baba mkwe amecheka mpaka kashika mti. Anasema hakuna aliyeikatiza meza. Marehemu walishanywewa, wakafuata watoto, kama inavyotakiwa, ila huyu mmoja hakungoja kuitwa, amejiita mwenyewe, mara mbili, na wageni wa mbali wote wakasikia na kusimama. Meza imefungwa tangu siku ile na sisi hatukujua. Jirani ameshakimbia kumwambia bibi harusi. Glasi ya Mjerumani baba mkwe ameinywa kwa niaba yake, nzi amewatoa kwa heshima. Sasa wamekaa wote uani, wamejaza glasi, Tornike wamempa kikombe chake, na babu yake anamwinulia ile ya kwake hapa hapa, mbele yetu sisi tusiotoka mbali. Nawasikia kupitia dirishani. Basi lenyewe naona si lazima tena, ingawa kama lina nafasi Jumapili mama mkwe naye angependa

Naitwa. Mama mkwe anapiga kelele, "Khatuna! We Khatuna, tupa hiyo kalamu, njoo!" Anasema babu amemaliza, Tornike ameinua kikombe juu kabisa, amewaangalia, na amesema