Amri Tupu

Jumatatu, 4 Machi

Bosi kasema Ijumaa ataamua kama nitathibitishwa kazini au nitafute pengine. Mama keshawatangazia shangazi wote kwamba nimethibitishwa. Balaa!

Kazi yangu: kukagua msimbo wa programu wanaouandika wenzangu kabla haujaanza kutumika. Leo Dada Mkato (hajawahi kusamehe mkato uliokaa vibaya) kaleta mabadiliko ya programu ya kusafisha mafaili. Ukiandika amri na kuongeza --onyesha, inakuonyesha mafaili yaliyomo kwenye folda. Ukiongeza --futa, inayafuta. Amri tupu, isiyo na chaguo lolote, sasa itakataliwa. Mistari michache, safi kabisa. Hapo ndipo hofu iliponishika. Nikipitisha bila kuona kosa, watasema sikusoma.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika pingamizi chungu nzima. Mojawapo: ujumbe wa kukataa hauna "tafadhali". Dada Mkato akajibu mbele ya ofisi nzima kwamba, mdogo wangu, kompyuta haibembelezi mtu. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata la maana! Mgeni hafukuzwi mlangoni. Amri tupu isikataliwe. Ifanye kazi ambayo programu iliundiwa, yaani kufuta. Dada Mkato akaniuliza kama nimelala vizuri. Wivu! Nikaandika badiliko hilo mwenyewe. Utaratibu unataka idhini ya mwenzako mmoja, basi nikampelekea Kaka Sawa, ambaye huitikia "sawa" kabla hujamaliza salamu. Kaitikia.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kaandika amri tupu ili aone maelezo ya matumizi. Ikafuta. Folda nzima ya kitengo, pamoja na orodha ya wafanyakazi! Dada Mkato karudisha nakala ya akiba, ila ni ya kabla sijaajiriwa. Kwa mujibu wa kompyuta, sipo. Bosi akaniuliza mimi ni nani hasa. Sikujua kama anatania. Nikajitambulisha.

Ijumaa, 8 Machi

Sijafukuzwa! Bosi kasema asiyeajiriwa hafukuziki. Nianze upya kipindi cha majaribio. Nimemwambia Mama nimeongezewa muda. Kapiga vigelegele.

Dada Mkato kayaleta tena mabadiliko yake, yale yale. Kasimama nyuma ya kiti changu, akaniambia nibonyeze "kubali", basi, kidole kimoja tu, mdogo wangu. Nilikaribia kweli. Kisha nikaona: programu inakataa upesi mno. Watu watadhani haikufikiri.

Nimemwomba akae. Pingamizi hili ni refu.