Kishada Changu Kilichotiwa Ndani

Mwalimu Mstaafu Mutembei,
Juu ya soko la Nkubu,
16 Agosti 1994.

Kwa Bwana Chifu,

KUHUSU: KUKAMATWA KWA KISHADA CHANGU BILA KOSA

Nakusalimu kwa heshima nikitumai u mzima, na mama pia, na wale ng'ombe wako wa gredi. Mimi si mzima sana. Wiki mbili zilizopita naibu wako, Bwana Njoka, alikuja shambani kwangu na askari wawili, akakamata kishada changu cha kitambaa cha mwavuli pamoja na mita mia mbili za kamba ya nailoni. Mimi niliachwa huru. Naambiwa kishada kimefungiwa stoo pamoja na mapipa ya chang'aa, mahali ambapo hakuna mtu wa familia yangu aliyewahi kulala.

Bwana Njoka alisema kuna mashtaka ya wananchi. Basi na mimi ni mwananchi, nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na nina mashtaka yangu. Nayapanga kwa nambari ili uyasome bila kuchoka.

1. Upepo. Watu wanadhani kupiga picha kwa kishada ni mchezo wa mzee asiye na kazi. Hawajui kazi yake. Kamera inaning'inia chini ya kishada. Juu ya kibonyezo chake kuna mpira uliovutwa ukashikwa na uzi, na uzi umefungwa kwenye kipande cha dawa ya mbu, ile ya kuwashwa. Moto ukiufikia uzi, uzi unakatika, mpira unabonyeza, picha inapigwa. Moja tu! Kisha nashusha kila kitu nianze upya. Mwaka jana, katika picha thelathini na sita, kumi na tisa zilikuwa mawingu, nane zilikuwa kipara changu, na iliyotoka vizuri kuliko zote ilikuwa ya mbuzi ambaye si wetu. Mke wangu Kiende husema, "Wazee wengine wanachunga ng'ombe, wewe unachunga upepo." Na upepo wenyewe wa huku unaamka saa nne na kulala saa tano, wakati kule Siakago unavuma mchana kutwa na hakuna anayeutumia. Naomba serikali iangalie ugawaji huu.

Lakini siku picha inapotoka sawasawa, Bwana Chifu, moyo unajaa. Nilichora ramani ubaoni maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuona mahali ninapoishi.

2. Miti. Kila boma limepanda mikima, ile miti mirefu ya mbao, mpaka mlangoni. Kamera yangu imekwama juu ya mkima wa jirani yangu Riungu mara tatu, na mara ya tatu ilinyeshewa. Naomba utangaze barazani kwamba kila mtu akate miti yake ilingane na paa lake. Najua mwezi jana ulitangaza tupande miti. Mtu anaweza kutangaza mara mbili.

3. Washtaki wangu. Wa kwanza ni Mutegi. Mimi nilipiga picha ya migomba. Kama Mutegi, ambaye mkewe alijua amekwenda mazishini Embu, alikuwa amelala chali katikati ya migomba hiyo, nyuma ya jiko la mama muuza pombe, kosa la kishada ni lipi? Yeye ndiye aliyeingia kwenye picha yangu bila ruhusa.

4. Wewe mwenyewe, na hili naliandika kwa unyenyekevu. Katika picha ya mwezi wa Mei yanaonekana makaravati manne, yale mabomba ya saruji ya daraja letu, yakiwa yamepangwa nyumbani kwako, mawili yakiwa yamepandwa maua. Watu walianza kunong'ona. Niliwanyamazisha, nikawaambia labda daraja litaanzia kwako. Sijawahi kuonyesha picha hiyo kwa mkubwa wako, Bwana D.O., na sina sababu ya kufanya hivyo mtu akirudishiwa kishada chake.

5. Sasa lile kubwa. Marcella ni mjane wa marehemu ndugu yangu mdogo. Shamba lake liko katikati: juu niko mimi, chini yuko Riungu. Tangu ndugu yangu azikwe, miaka sita sasa, mama huyu analia kwamba shamba linapungua. Unajua huku kwetu mtu hang'oi mmea wa mpaka. Ni mwiko, na laana yake hufika mpaka kwa wajukuu. Lakini jembe halina mwiko. Kila msimu wa mvua mtu hulima shubiri moja zaidi, mmea unakauka wenyewe, anapanda mwingine "palepale", na ukisimama chini unaona mpaka umenyooka. Ni kutoka juu tu unapoona tumbo lake.

Alhamisi wazee wanasikiliza kesi. Nilimwahidi Marcella mbele ya watoto wake kwamba nitampa picha ya kumwonyesha mwizi. Nikarusha kishada, picha ikapigwa, na kabla sijakishusha Riungu alikuwa uani kwangu akifoka, "Mwalimu, hiyo kitu yako inaangalia shamba yangu vibaya!" Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Njoka. Mtu asiye na hatia hana mbio hizo. Filamu iko Meru mjini kwa Barre, mwenye studio, lakini nataka kupiga nyingine mbili za akiba.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kishada kirudi kabla ya Alhamisi. Picha ya kutoka juu iaminiwe kuliko shahidi yeyote mwenye mdomo, maana haidanganyi wala haijui ndugu. Na yule itakayemwonyesha arudishe ardhi ya mjane siku hiyohiyo mbele ya watu wote, na faini ya beberu mmoja juu yake. Asipewe hata siku moja ya kujitayarisha.

Nisalimie mama, watoto, Bwana Njoka ingawa hakunisalimu, na askari wale wawili, hasa yule mrefu aliyekunja kamba yangu vizuri.

Ni mimi raia wako, niliyetulia lakini sijaridhika,
Mwalimu Mutembei.

Nyongeza: Picha zimefika kabla sijafunga bahasha. Bwana Chifu, naona kishada kikae hukohuko stoo. Nimefikiria tena, na kitu kinachoyumba hewani hakiwezi kuona sawasawa. Upepo hupinda mistari. Mpaka wa Riungu umetoka umenyooka kama rula. Wenye tumbo ni ule wa juu. Mistari minne ya nyasi zangu za nepia, niliyoipanda kwa mkono wangu, imesimama ndani ya shamba la marehemu ndugu yangu. Mimi nilijua ni mmoja. Naapa nilijua ni mmoja tu, na hata huo ulikuwa ukininyima raha kanisani. Tafadhali wazee wasikilize mashahidi wa kawaida, na ikiwezekana kesi isogezwe mpaka baada ya mavuno.

Ila sidhani itawezekana. Picha hizi zimeletwa na Marcella, aliyekuwa Meru leo. Bahasha ya Barre ilikuwa imefunguliwa. Alinipa kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake, "Asante, Baba Munyi, imetoka vizuri sana. Nimeambia Barre anitolee ingine kubwa ya kuonyesha wazee." Nilimwambia aingie anywe chai. Akasema atakuja kuinywa Alhamisi, kesi ikiisha.