Ombi la Ng'ombe Kuhamishiwa Kundi la Maziwa

Nkuba, mfugaji,
Ng'ambo ya mfereji, Madibira.

Mkuu wa Shule,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ng'ombe nao wazima, na sitasema ni wangapi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Binti yangu Yunisi, wa kidato cha pili, amekuja na taarifa kwamba atarudia darasa kwa kupungukiwa maksi tano za Kiingereza. Maksi hizo zilikuwa za kujibu kwa mdomo mbele ya wenzake. Mwalimu Isakwisa alimsimamisha akamuuliza baba yake ana "how many cows". Mtoto akanyamaza, akapewa sifuri. Jamani! Sifuri kwa kuwa na adabu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo mbele za watu. Anayehesabu anaita fisi, magonjwa na wakwe. Mimi mwenyewe jioni nasimama mlangoni pa zizi natazama rangi tu: mwekundu yupo, mwenye mabaka yupo, yule mkorofi yupo. Basi, nafunga.

2. Nimelikagua daftari la mtoto. Mwalimu ameandika kwamba maziwa, mchele na mchanga havihesabiki, vyenyewe vinaulizwa kwa "much". Sina ugomvi na Waingereza, hapo wametumia akili. Ila nashangaa maziwa yapewe heshima hiyo, halafu ng'ombe mwenyewe anayeyatoa aachwe nje ahesabiwe kama viazi vya Mbalizi.

3. Swali lililofuata lilikuwa baba ana watoto wangapi. Hee! Hata mke wangu Roza hajawahi kuniuliza hilo.

4. Leo ni ng'ombe na watoto. Kesho mtauliza wajomba, keshokutwa makaburi. Tutaishia wapi?

Kwa hiyo naomba ng'ombe, watoto na ndugu wote wahamishiwe kundi la maziwa kabla shule haijafungwa. Mtoto akijibu "much cows" apigiwe vema, na Yunisi wangu aingie kidato cha tatu pamoja na wenzake. Kama jambo hili liko juu ya uwezo wako, lipeleke wilayani, lipande Mbeya, hata lifike kwa Waingereza wenyewe. Nitasubiri, mfugaji amezoea kusubiri.

Msalimie Mwalimu Isakwisa, mwambie sina kinyongo naye sana. Wasalimie walimu wote, mpishi wa makande, mlinzi, na wanafunzi wasiouliza mambo ya watu.

Ni mimi, mzazi mwenye heshima na hasira kwa pamoja,

Nkuba.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii nimempa Yunisi aikague makosa. Ameisoma hadi mwisho, akaanza kulia. Anasema hakunyamaza kwa ajili ya mila. Idadi anaijua vizuri, likizo zote anachunga yeye. Alinyamaza kwa sababu mtoto wa mtendaji wa kijiji anakaa dawati la mbele, na kwenye daftari la mtendaji la ushuru wa mifugo mimi nimeandikisha ishirini. Mkuu, nimeona aibu, sikujua kama mtoto anabeba mzigo huo. Ng'ombe ni arobaini na saba. Mwambie mtendaji, mwambie yeyote unayetaka, ila mtoto asirudie darasa.