Uzinduzi wa Umeme wa Jua katika Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Naibu Meya wangu, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Fedha, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Fedha, wauguzi wa zahanati hii, mafundi wa vipaza sauti, na ninyi wananchi mliosimama kwa kuwa viti vimekaliwa na niliokwisha kuwataja, nawasalimu kwa heshima zote za cheo changu. (Makofi ya viti vya mbele.)

Leo nazindua Mfuko wa Manispaa wa Nishati ya Jua na Matumizi Bora ya Umeme. Wataalamu wanasema kwamba manispaa inaweza kuwakopesha wananchi na zahanati fedha za paneli za sola na taa zisizokula umeme mwingi, mkopo ukalipwa kwa kile kilichookolewa kwenye bili, kisha fedha hiyohiyo akakopeshwa mwingine. Jambo hilo ni jepesi mno, ndiyo maana ilitubidi kulifanyia semina saba, ambamo tulijifunza kubana matumizi ya umeme huku viyoyozi vikivuma, kwani huwezi kupigana na adui usiyemjua. (Makofi ya waliohudhuria semina.)

Aidha, upembuzi yakinifu umebaini kwamba asilimia themanini ya jua la mji huu huangukia mapaa na kupotea bure. Kabla ya uongozi wangu, nani alilipima? (Vigelegele vya shemeji yake Meya.)

(Mkunga anasimama: "Mheshimiwa, maneno tumeshiba! Nina mama humo ndani, uchungu umemshika. Juzi nimezalisha tochi nimeibana kwa meno. Usiku huu nitawasha nini?")

Swali zuri, dada yangu, na limeingizwa kwenye kumbukumbu. Subira huvuta heri. ("Mwambie mtoto!" Kicheko.) Mtoto naye ni mdau, atashirikishwa ipasavyo. Inua macho uone paneli zinavyong'aa juu ya wodi yako! ("Mbona hazina waya?") Waya ni awamu ya pili, mama, tusikimbilie mambo.

Jua! ("Kali!") Mwanga! ("Uko wapi?") Manispaa! (Kimya.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mpiga picha, ambaye amekwisha kupata picha zote za kuwapelekea wafadhili, ambao wakizipenda, huenda wakatupa fedha za kuuanzisha Mfuko huu niliouzindua. Namshukuru mwenye duka la sola kwa kutuazima paneli za kupigia picha. Lori lake limefika, hivyo mafundi wapande paani wazishushe polepole, zisipate mikwaruzo, maana zina mteja wa kweli anayezisubiri. Na ninyi wauguzi, nawashukuru mno kwa moyo wenu wa kujitolea: mhimizeni huyo mama ajifungue kabla ya magharibi, kwani mpaka saa hiyo, manispaa yenu inawapa jua bure.